Jumapili Moja, Nchi Mbili

Tarehe 31 Oktoba 2010 ilikuwa Jumapili. Zanzibar tulipiga kura siku hiyo, pamoja na ndugu zetu wa Bara. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa Afrika, watu wa Ivory Coast nao walikuwa kwenye foleni wakichagua rais, baada ya uchaguzi wao kuahirishwa mara kwa mara tangu 2005. Walijitokeza zaidi ya asilimia 80 ya walioandikishwa, na siku ikapita salama. Watazamaji waliwasifu kwa utulivu wao kama walivyotusifu sisi. Miezi mitano baadaye Abidjan ilikuwa uwanja wa vita, na vita vilipokwisha waliokufa nchini humo walikadiriwa kufika 3,000. Kwetu sisi, Jumatano ya tarehe 3 Novemba, Dkt. Ali Mohamed Shein aliapishwa kuwa Rais wa Zanzibar katika Uwanja wa Amaan. Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye alishindwa naye kwa kura zisizofika 3,500, siku chache baadaye alikula kiapo cha Makamu wa Kwanza wa Rais.

Tangu mwaka ule nimekuwa nikiziwaza nchi hizi mbili kwa pamoja, kwa sababu Jumapili ile hakuna mtu angeweza kuzitofautisha. Foleni zilikuwa ndefu huku na kule. Wazee walikalishwa kwenye viti kivulini, vidole vikatiwa wino, masanduku yakafungwa kwa lakiri mbele ya mawakala. Ukiutazama uchaguzi kwa siku ya kura peke yake, utasema zote mbili zimefaulu mtihani.

Nataka kushukuru, tena kwa majina, kwa sababu naona namna yetu ya kushukuru inawaacha nje wengi wanaostahili. Uchaguzi ukipita bila damu tunasema alhamdulillah, umekwisha salama, Wazanzibari ni watu wa amani kwa asili yao. Alhamdulillah ni haki yake Mola. Hilo la asili ndilo silikubali hata kidogo. Watu wa amani kwa asili yao wasingeuana Juni 1961, uchaguzi wa siku moja ulipozaa ghasia zilizoondoka na roho 68, watu waliokuwa wakisali pamoja na kuoana. Wala yasingetokea yaliyotokea baada ya kurudi vyama vingi: matokeo ya 1995 yenye pengo lisilofika nusu asilimia na ambayo nusu ya nchi haikuyakubali, uchaguzi wa 2000 uliovurugika mpaka ukarudiwa katika majimbo 16, na kisha Januari 2001.

Januari hiyo inataka kusimuliwa polepole. Tarehe 26 na 27 wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walitoka kuandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi mpya, na vyombo vya dola vikawapiga risasi. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31, na mashirika ya haki za binadamu yalitaja zaidi. Watu wapatao 2,000 walivuka mkondo kwa mashua na ngalawa mpaka Shimoni, kwenye pwani ya Kenya. Nchi ambayo tangu uhuru ilikuwa ikipokea wakimbizi wa wengine, mara hii ilitoa wakimbizi wake. Wakapokewa na wavuvi wanaosema Kiswahili kama chao, na wakalishwa kwa sufuria za watu wasiokuwa na ziada.

Mimi ni mtu wa Wete, na kwa wengi wetu wa Pemba ghasia za uchaguzi hazikuwa risasi. Risasi ilikuwa ya siku mbili. Kilichodumu miaka ni kususiana. Baada ya 1995 mtu aliweza kupita mbele ya duka la jirani yake, akaenda kwa miguu mpaka mtaa wa pili kununua kibaba cha mchele, kwa kuwa yule jirani ni wa chama kile. Samaki wa chama kile hanunuliwi. Gari ya chama kile haipandwi hata mvua ikinyesha. Kuna vijiji watu waligawana misikiti. Harusi ilikuwa na nusu ya ukoo, nusu nyengine imejifungia ndani na kujifanya haisikii ngoma.

Na mazishi. Aliyelelewa nje ya mila zetu huenda asilione zito hili. Jeneza kwetu hubebwa mabegani, na wabebaji hupokezana kila hatua chache, kwa sababu kila mwanamume aliyepo anataka thawabu ya kutia bega. Katika mazishi ya kawaida huwezi kulibeba kwa muda mrefu hata ukitaka, unapokonywa. Niliona jeneza likitoka nyumbani mpaka makaburini kwa watu walewale, mashati yameganda kwa jasho, hakuna wa kuwapokea, na barazani kando ya njia wamekaa wanaume wazima wakiliangalia linapita. Marehemu alikuwa mzee aliyewafundisha wengi wao Kurani. Kosa lake lilikuwa kadi ya chama. Wala sisemi hili kukilaumu chama kimoja, kwani mambo kama hayo yalikuwapo Unguja, vijijini ambako wachache walikuwa upande mwengine. Uchaguzi wa 2005 ulituacha vilevile, na mabomu ya machozi juu yake.

Ndiyo maana, nikiulizwa amani ya uchaguzi ni nini, siangalii sana siku ya kura. Natazama miaka mitano iliyotangulia, na miaka mitano inayofuata. Na ya 2010 haikuanza Oktoba.

Ilianza tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alipompokea Maalim Seif Ikulu ya Zanzibar. Miafaka ya 1999 na 2001 kati ya chama tawala cha CCM na CUF ilikwishapita, wa kwanza ukiwa umesimamiwa na Jumuiya ya Madola, na yote miwili ilikwama katika utekelezaji. Safari hii watu wawili walikaa wenyewe. Siku mbili baadaye Maalim Seif alipanda jukwaani Kibandamaiti kuwaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Walimzomea.

Hapa ndipo ninapoanza shukrani zangu, kwa wale waliozomea. Walikuwa na haki ya kuzomea. Mule uwanjani mlikuwa na watu waliopoteza kazi kwa ajili ya chama, waliopigwa, waliozika vijana wao mwaka 2001. Kwa miaka minne walikuwa wameambiwa wasimtambue huyu, na wakaishi bila kumtambua kwa gharama kubwa. Sasa kiongozi wanayempenda kuliko wote anawaambia wamtambue, na sababu zenyewe hajazieleza vya kutosha. Wakamwambia hapana, usoni pake, kwa sauti ya maelfu. Kisha wakarudi nyumbani. Wakakaa mabarazani wakabishana miezi tisa, wakamsikiliza tena alipopita kijiji kwa kijiji, na tarehe 31 Julai 2010, siku ya kura ya maoni kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Pemba ikasema Ndiyo kwa sauti moja. Sijui namna nzuri zaidi ya mtu kukubali jambo kuliko hiyo. Waliopiga makofi mara moja wangeweza kugeuka mara moja. Hawa walibadilika kwa kufikiri, na waliyoyakubali waliyashika.

Upande wa pili palikuwa na kazi ngumu zaidi, na naona hatuisemi inavyopasa. Ndani ya CCM Zanzibar kulikuwa na watu walioamini kwa dhati kwamba nchi iliyopatikana kwa mapinduzi haitolewi kwa vikaratasi vya kura. Kuwashawishi hao kulihitaji mtu ambaye hakuna wa kumwambia kasaliti Mapinduzi. Mtu huyo alikuwa Mzee Hassan Nassor Moyo, waziri katika serikali iliyotokana na Mapinduzi yenyewe. Aliongoza Kamati ya Maridhiano ya watu sita, watatu kila upande, akiwa mzee ambaye angeweza kukaa nyumbani akalinda heshima yake. Miaka mitano baadaye, Aprili 2015, chama chake kilimvua uanachama kwa misimamo yake. Alifariki mwaka 2020. Nawaomba wanaosoma haya wamrehemu.

Kuna jambo la miezi ile ambalo waandishi wa siasa hulisahau, na sisi tulioishi nalo hatulisahau. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme wa Unguja ulizimika kwa hitilafu ya mitambo ya Fumba, ukarudi Machi. Miezi mitatu kisiwa kizima gizani. Maji hayakupanda kwenye mifereji, watu wakarudi kwenye visima vya zamani na ndoo mkononi. Barafu ikawa bidhaa ya anasa, na wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa kabla jua halijapanda. Usiku Mji Mkongwe ulinguruma kwa jenereta za wenye uwezo, na wasio na uwezo wakakaa nje kwa sababu ndani hapalaliki. Giza halikuuliza kadi ya mtu. Katika giza hilo, mwishoni mwa Januari 2010, Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja ya Abubakar Khamis Bakary wa CUF ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Sisemi kwamba ukosefu wa umeme ulileta maridhiano. Nasema mwenyewe nilisikia, kwenye foleni ya kisima, watu ambao miaka mitano nyuma wasingesalimiana wakizungumza habari za hoja ile, na mmoja akimtilia mwenzake ndoo kichwani.

Kura ya maoni ikapita kwa asilimia 66.4. Katiba ikabadilishwa Agosti. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza: anayeshika nafasi ya pili anatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, chama cha Rais kinatoa Makamu wa Pili anayesimamia shughuli za serikali barazani, na wizara hugawanywa kwa uwiano wa viti. Kwa hiyo waliokwenda kupiga kura Oktoba walijua tangu Agosti kwamba atakayeshindwa hatalala nje.

Usiku wa matokeo nilikuwa barazani Mjini. Pale Bwawani, mahali Tume ya Uchaguzi ilipokuwa ikitangaza, vijana walikuwa wamejazana nje wakidai matokeo yatolewe, na kila anayepita alituletea habari yake. Mezani kwetu kulikuwa na redio, birika la kahawa, na kijana mmoja mwenye daftari la skuli aliyekuwa ameandika majimbo yote 50 na kujaza kila tarakimu inayotajwa. Alikuwa mtu wa CUF. Alikuwa akijumlisha kwa simu yake, akifuta, akijumlisha tena. Yalipotangazwa matokeo ya mwisho, Dkt. Shein asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, aliliangalia daftari lake akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba hesabu hii siyo. Hakuna aliyembishia, hata wa CCM waliokuwapo. Kisha redio ikaleta sauti ya Maalim Seif mwenyewe akiyakubali matokeo.

Ningependa kusema kwamba kijana yule aliridhika. Hakuridhika. Mpaka leo tukikutana huniambia hesabu yake ilikuwa sahihi, na wako maelfu wanaoamini kama yeye. Lakini alilifunga daftari, akamalizia kahawa yake, akaaga kila mtu kwa mkono, wa chama chake na wa chama kile. Siku iliyofuata sikusikia duka lililosusiwa. Nalitia jambo hili kwenye shukrani zangu kwa uzito wake wote: amani ile haikutaka mtu aache kuamini anachokiamini. Ilimtaka akubali kuishi na jirani anayeamini kinyume chake, na ikampa sababu ya kukubali, kwa kuwa mtu wake naye yumo serikalini.

Sasa rudi Abidjan. Duru ya kwanza ya Jumapili ile haikutoa mshindi, ikabaki duru ya pili ya tarehe 28 Novemba kati ya Rais Laurent Gbagbo na Alassane Ouattara. Tarehe 30 usiku, msemaji wa Tume ya Uchaguzi alikuwa amekaa mbele ya kamera na karatasi za matokeo mkononi, anataka kuanza kusoma. Wajumbe wa upande wa Gbagbo walimwendea, mmoja akazinyakua karatasi na kuzichana. Dunia nzima iliiona picha ile. Mtu mzima ana kura za watu mkononi, na vipande vinaruka. Baadaye Tume ikamtangaza Ouattara kwa asilimia 54.1, Baraza la Katiba likafuta kura za mikoa ya kaskazini na kumtangaza Gbagbo kwa 51.45, na tarehe 4 Desemba nchi moja ikaapisha marais wawili. Gbagbo alikamatwa tarehe 11 Aprili 2011.

Sitaki kuwafanya watu wa Ivory Coast kuwa wabaya ili sisi tuonekane wema. Wao walikuwa na nchi iliyogawanyika tangu uasi wa 2002, na majeshi mawili yenye silaha. Wao pia walikuwa wametia saini makubaliano, Ouagadougou mwaka 2007, na serikali yao ilikuwa na watu wa pande zote kabla ya uchaguzi. Lakini serikali ile ilikuwa ya kuwafikisha kwenye uchaguzi tu. Baada ya kura, mshindi achukue vyote. Gbagbo alipoziona karatasi zile aliona mlango unafungwa nyuma yake na hakuna chumba chengine. Maalim Seif alipoziona za kwake, alijua kwamba kesho ana ofisi, kwamba watu wake watakuwa mawaziri, na kwamba Wapemba watakuwa na mtu wa kumpelekea shida zao. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya nchi mbili zilizopiga kura Jumapili moja. Iliwekwa na wapigakura wetu wenyewe miezi mitatu kabla, bila bunduki mezani.

Wakenya nao walikubaliana serikali ya pamoja, Februari 2008, lakini kwao ilikuja baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa na mamia ya maelfu kukimbia makwao, na Kofi Annan akiwa katikati. Nakumbuka tulivyokaa kwenye televisheni mwanzo wa mwaka ule, tukiwatafuta kwa macho watu wa pwani waliotupokea 2001. Shimoni ilikuwa na deni kwetu, au niseme sisi tulikuwa na deni kwao, na hatukuwa na sufuria ya kuwapikia.

Umoja wa 2010 ulijaribiwa mapema kuliko mtu yeyote alivyodhani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, imejaa kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengi zaidi ya hao hawakuonekana tena. Nyumba za Pemba zilipoteza watu watatu, wanne, kwa pamoja. Nilikwenda Maisara, ambako maiti zilikuwa zikiletwa watu wazitambue. Kama msiba huo ungetupata mwaka 2001 au 2006, naogopa hata kuandika tungefanya nini. Mwaka 2011 Rais na Makamu wake wa Kwanza walikuwa upande mmoja wa msiba. Kule nyumbani Wete nilizika pamoja na watu ambao sikuwahi kuwaona mazishini tangu nikiwa kijana. Hakuna bega lililobeba zaidi ya hatua chache. Wapo waliosema serikali ile ya umoja haikuwawajibisha wakubwa kwa ajali ile inavyostahiki, na nakubaliana nao, kwa sababu vyama vikikaa pamoja serikalini hupungua wa kuuliza kwa ukali. Hilo ni dosari yake ya kweli. Lakini wafu walizikwa na watu wote.

Kisha tukaipoteza. Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya uchaguzi ambao watazamaji waliuona umekwenda vyema, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kupitia televisheni kwamba ameufuta wote. Majimbo kadhaa yalikwishatangazwa na washindi wakapewa vyeti vyao. Tuliambiwa turudie Machi 20, 2016. CUF ikasusia, Dkt. Shein akapata asilimia 91, na Makamu wa Kwanza wa Rais hakuwapo tena. Mitaani wakaja wale waliofunika nyuso, watu wakawaita mazombi, wakipiga watu usiku. Maduka yakaanza tena kuwa na vyama.

Kilichonisumbua mwaka ule ni pongezi. Tulipongezwa kwa utulivu wetu. Ni kweli hapakuwa na 2001 nyengine, kwa kuwa watu waliombwa wavumilie, wakavumilia. Wale waliovumilia nawashukuru mmoja mmoja. Lakini utulivu wenyewe sikuushukuru na siushukuru leo. Mtu aliyekatishwa sentensi yake akanyamaza hajakubaliana nawe. Shukrani isiyotenganisha watu waliojizuia na jambo walilofanyiwa inakuwa msaada kwa aliyelifanya, na huko mbele itamfundisha kwamba linafanyika.

Na kweli likaendelea kufanyika kwa njia nyengine. Mwaka 2020 watu waliuawa kwa risasi Pemba kabla ya siku ya kura. Maalim Seif alikamatwa. Mwezi mmoja na nusu baadaye, Desemba, yeye na chama chake kipya cha ACT-Wazalendo walikubali kuingia tena katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa chini ya Dkt. Hussein Mwinyi, na wengi tuliona hilo gumu zaidi kuliko la Kibandamaiti, maana mara hii damu ilikuwa haijakauka. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na akazikwa kwao Mtambwe. Huenda angeishi angetueleza sababu zake kijiji kwa kijiji kama mara ya kwanza. Hatukuipata bahati hiyo.

Halafu ikaja 29 Oktoba 2025. Zanzibar siku ile ilipita, kwa maana ya kwamba hatukuzika. Ng'ambo, mwendo wa boti wa saa mbili, Dar es Salaam ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, na habari za risasi zilitoka Mwanza, Arusha, Mbeya. Intaneti ikakatwa. Ndugu zangu wengi wako Dar. Kwa siku zile tulikaa na simu zisizofungua kitu, tukipiga moja kwa moja, wakati mwengine inaita, wakati mwengine haipatikani. Idadi ya waliouawa imebaki na mabishano makali. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia mamia. Watu walikwenda hospitali moja mpaka nyengine kutafuta maiti za watoto wao.

Msikitini kwetu Ijumaa ile tuliombwa tushukuru kwa usalama wa visiwa vyetu. Niliitikia amin. Lakini kando yangu alikuwa amekaa mzee ambaye mwanawe wa Kimara alikuwa hajapatikana kwa simu tangu Jumatano, na nilihisi kwamba shukrani ile haikumfikia, ilipita juu ya kichwa chake. Nilimshika mkono tukatoka pamoja. Mtoto alipatikana Jumapili, mzima. Wapo ambao hawakupatikana, na wazazi wao nao walikuwa kwenye saf za misikiti na kwenye mabenchi ya makanisa wakiambiwa nchi ina amani. Tangu siku ile, nikishukuru kwa uchaguzi wetu wowote uliopita salama, nawatanguliza wao katika dua kabla ya kusema neno jengine.

Ningependa mtoto wa skuli wa Unguja na Pemba aijue tarehe 31 Julai 2010 kama anavyoijua 12 Januari 1964. Afundishwe kuhusu Kibandamaiti, na waliozomea, na hoja iliyopitishwa gizani, na Mzee Moyo. Aonyeshwe picha ya karatasi zinazochanwa Abidjan, aulizwe ni nini kilizuia za kwetu zisichanwe usiku ule wa Bwawani, kisha aulizwe za 2015 zilikwenda wapi. Mtoto huyo akifika miaka 18 ataingia kwenye foleni akijua kwamba kuna watu walimwekea mahali pa kusimama.

Na asisahau kuambiwa habari za kundi moja ambalo sijapata kulisikia likishukuriwa na mtu yeyote. Katika kura ya maoni, asilimia 33.6 walisema Hapana. Wengi wao walikuwa Unguja, katika vijiji ambavyo chama tawala kina mizizi ya tangu Mapinduzi, na kuna majimbo Hapana ilishinda. Waliamini kwamba wanaporwa kitu walichokilinda maisha yao yote. Walishindwa kwa kura, na tarehe 1 Agosti wakaamka wakaenda mashambani na baharini kama kawaida. Oktoba wakapiga kura chini ya katiba waliyoikataa. Novemba wakamwona Makamu wa Kwanza wa Rais wasiyemtaka akipita kwenye barabara zao na bendera garini, na hawakumrushia hata ganda la chungwa. Wapo kati yao ninaowajua kwa majina, wa Donge na wa Makunduchi, wengine sasa ni wakwe wa ukoo wetu. Nawashukuru wao sawa na wale wa Kibandamaiti.